Kiti Kilichomlaza Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alipiga pasi maisha yake yote. Alifanya kazi kwa dobi wa mtaa wetu, katika chumba chenye meza mbili ndefu zilizotandikwa mablanketi makuukuu, na juu yake mashati yamening'inia kama watu wasio na vichwa. Kazi ile haina kukaa. Jioni akirudi alivua viatu kwanza, ndipo akatoa salamu, na alama za kamba za viatu zilikuwa zimezama miguuni mwake kama zimechorwa.

Mungu hakumjalia mtoto wa tumboni. Alimjalia mimi, nilipobaki yatima, na alimjalia mdomo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, ua wa saruji katikati, na bomba moja. Nilipokuwa mdogo, ua mzima ulikwenda sinema Jumamosi mchana. Ukumbi wenyewe haukuwa na maajabu. Viti vilikuwa vya mbao, vya kujikunja, ukikaa vibaya vinakubana, na feni zilipiga kelele kuliko waigizaji. Lakini bei ilikuwa rafiki, mtu aliweza kwenda na mkewe na watoto na bado wakanunua bisi.

Kisha bei ikaanza kupanda. Tukaacha bisi. Ikapanda tena, tukaanza kwenda kwa zamu, wiki hii vyumba vya kulia, wiki ijayo vya kushoto. Ilipopanda mara ya tatu, jirani yetu Mama Pacha, ambaye alikuwa na watoto mapacha na ulimi wa kutosha watu watatu, akatoa wazo.

"Tumchangie mtu mmoja," alisema. "Aende akatuonee, arudi atusimulie."

Wa kwanza kutumwa alikuwa Fundi Friji, kijana mmoja mtengenezaji wa mafriji aliyeishi chumba cha pembeni. Tulimsubiri pale uani tumeshapanga vigoda. Akaja, akanywa maji, akasema, "Walipigana, wakapatana, wakaoana."

"Halafu?" Mama Pacha akauliza.

"Halafu taa zikawashwa."

"Wewe kijana, hiyo ni picha ya saa mbili au ni taarifa ya kifo? Nirudishie changu."

Ndipo zamu ikamwangukia shangazi, na haikumtoka tena. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, mkononi ameshika kiango cha nguo. Kiango kile kilikuwa bastola, kikawa usukani, kikawa mtoto mchanga. Hakuanza na hadithi. Alianza na watu wanaoingia ukumbini, nani amekohoa, nani amekanyaga nani. Mtoto akimharakisha, alimwambia, "Subiri wewe, taa hazijazimwa." Akifika mwisho, watu waliondoka kimya kimya, wengine wakijifuta macho kwa kisingizio cha moshi wa jiko.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa. Halafu ukumbi ukauzwa. Mmiliki mpya aling'oa viti vya mbao, akatandika zulia, akatia kiyoyozi na viti vipana vya ngozi vinavyolala nyuma ukibonyeza kitufe. Bei alizobandika mlangoni zilifanya watu wasimame barabarani na kuzisoma mara mbili.

Fundi Friji alizileta habari zile uani. "Sasa hapo tunanunua picha au tunanunua kiti?"

"Kiti ni chao," Mama Pacha akamjibu. "Wewe unalipia makalio yako kupumzika."

Walibishana sana. Wengine walisema basi, yametosha. Lakini kulikuwa na picha moja iliyosifiwa mji mzima, na watoto walikuwa wameiota. Wakachanga. Mama Pacha alitoa fungu alilokuwa ameliweka kwa ajili ya viatu vya mapacha, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili.

"Dada, angalia vizuri. Leo macho yako ni macho yetu."

Shangazi alikwenda moja kwa moja kutoka kazini. Siku hiyo walikuwa na mzigo wa mashuka ya hoteli, na alikuwa amesimama tangu alfajiri. Akaingia kwenye ubaridi ule, akakikalia kiti. Hakujua habari ya kitufe, lakini kiwiko chake kilikijua. Kiti kikashuka nyuma taratibu, miguu ikainuliwa juu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliniambia baadaye kwamba aliona milima, akaona farasi mmoja akishuka, basi. Alichokiona tena kilikuwa ni fagio.

"Mama," mfagiaji alikuwa akimgusa bega, "picha imekwisha zamani."

Hebu fikirini njia ya kurudi nyumbani. Alipofika, vigoda vilikuwa vimepangwa, maji ya miguu yamepashwa moto, mapacha wamekaa mbele kabisa. Shangazi akaketi, akashika kiango chake. Akafungua mdomo, na mdomo ule, kama ulivyozoea, ukafanya kazi.

Alisimulia habari ya mama mmoja aliyepotezana na mwanawe mdogo kwenye stesheni ya treni. Mama yule akapata kazi ya kufua katika hoteli kubwa, na kila shati lililopita mikononi mwake alilishonea uzi mwekundu ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Mwanangu atakua, alijiambia, atavaa shati, na siku moja nitapata njia ya kumjua. Hakuna aliyekohoa. Lakini shangazi alipofika pale ambapo kijana mmoja anaingia hotelini amebeba shati lenye uzi, alinyamaza, akatoa miguu majini.

"Leo miguu inaniuma," akasema. "Nitamalizia siku nyingine."

Hakuwa amewahi kukatisha hadithi hata siku moja. Watu walidhani ni ufundi wa kutunogeshea.

Mimi nilijua kuna jambo. Shangazi alikuwa mtu wa sala. Nilikuwa nikisikia majina ya ua mzima yakitajwa mbele za Mungu kila alfajiri, mpaka la paka wa Fundi Friji. Siku zile alipiga magoti na kuinuka upesi, kama mtu aliyepiga magoti juu ya makaa. Nilipompelekea chakula kazini, alikuwa ameshika pasi na hapigi.

"Nimewaibia watu," akaniambia.

"Umewaibia nini, shangazi?"

"Usingizi." Akanieleza yote. "Siwezi kutaja jina la Mama Pacha kwenye sala, wakati watoto wake wanatembea na viatu vilivyotoboka kwa ajili yangu. Nikifumba macho naona viatu."

"Si umalizie tu hadithi? Nani atajua?"

Aliniangalia kwa namna ambayo sikurudia swali lile. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na mwishoni mwake kuna Mungu. Wakiacha kuniamini, sawa. Lakini sitakaa kwenye kigoda kile na mdomo mchafu."

Siku ya mapumziko, watu walipokusanyika bombani na kuanza kumdai mwisho wa hadithi, alisimama. Hakukaa. Alisimama kama anavyosimama kazini, mikono mbele.

"Picha ile sikuiona," alisema. "Nilikaa kwenye kiti nikalala mpaka mwisho. Yale mengine niliyatunga hapa hapa. Mnisamehe. Kila mmoja nitamrudishia chake mwisho wa mwezi."

Bomba likawa linadondosha matone ndani ya ndoo ya mtu. Nilimwona shangazi akiangalia miguu ya mapacha.

Fundi Friji ndiye aliyekohoa kwanza. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?" shangazi akamuuliza.

"Mteja wangu mmoja ana ile picha kwenye simu. Niliiangalia nikisubiri gesi ijae kwenye friji. Farasi tu, shangazi. Farasi mwanzo, farasi mwisho. Hakuna stesheni wala shati."

"Na hukusema?"

"Ningesema vipi na mimi nasubiri kujua kama yule mama alimpata mwanawe?"

Watu wakaanza kucheka, lakini Mama Pacha hakucheka. Aliweka ndoo chini. Wote tukamgeukia, kwa sababu fungu lake ndilo lililokuwa kubwa, na ulimi wake tuliujua.

"Kwa hiyo yule mtoto hayupo?" akauliza.

"Hayupo, dada."

"Na uzi mwekundu?"

"Niliutoa kichwani mwangu, nikifikiria mashuka ya hoteli."

Mama Pacha akavuta kigoda cha shangazi kwa mguu, akakiweka katikati ya ua.

"Basi kaa. Umempoteza wewe, umtafute wewe."

Niliona mabega ya shangazi yakishuka, kama shati linapotolewa kwenye kiango. Aliketi. Mtoto mmoja akakimbilia beseni. Na yule kijana alipatikana, nawaambia, na mama yake alimjua kabla hata ya kugeuza kola. Mama Pacha alilia bila kutafuta kisingizio cha moshi.

Tangu siku ile hatukununua tiketi tena, shangazi alitusimulia za kichwani mwake. "Tulikuwa tunamlipia mtu nauli ya kwenda kulala," Fundi Friji alisema. Mchango wa kwanza ambao ungekwenda kwenye tiketi ulinunua viatu vya mapacha, shangazi mwenyewe alisisitiza. Kila Fundi Friji alipokuja na habari kwamba bei za ukumbini zimepanda tena, tulicheka kama watu wanaosikia mvua na nguo wameshazianua.

Mwezi uliopita moyo wa shangazi ulichoka. Alikaa hospitalini siku chache, maumivu yakiwa mengi usiku na kupungua mchana. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni aliponiambia, "Kile kiti kilikuwa kitamu, mwanangu. Sijapata kukalia kitu kama kile. Kama huko niendako kipo, waambie wasiniamshe."

Tulicheka wote wawili, na mama wa kitanda cha pili naye akacheka bila kujua sababu. Alasiri ile ile akalala. Muuguzi alikuja, akamshika mkono, akaniangalia, nikaelewa. Nililia na bado nalia. Lakini nilipoishika miguu yake ilikuwa imepungua uvimbe, na zile alama za kamba za viatu, nilizoziona tangu utoto wangu, zilikuwa karibu kufutika. Moyo wangu ukatulia hapo, hata kabla machozi hayajakauka.

Alfajiri sasa nataja mimi yale majina, na naongeza lake. Ee Mungu, mpe shangazi yangu mahali pa kukaa, pawe laini, na mlangoni asiulizwe kiingilio.