Kitambaa Kilichojificha Ndani ya Mshono

"Mjomba, nimekaa tu. Sikucheza, sikuruka. Nimekaa kwenye kiti, likachanika. Jipya kabisa."

Fundi cherehani aligeuza gauni la mpwa wake upande wa ndani. Mtaani walimwita Akiba, maana kila nguo aliyoshona aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Wateja walilalamika anawamalizia kitambaa chao. Yeye aliwasikiliza, akaendelea kuacha.

"Hapa hakuna pa kushika, mwanangu. Wamekata mpaka ukingoni. Nikishona hapa, litachanikia pale."

"Harusi ni leo jioni na mimi ndiye ninayeimba. Basi nikimbie dukani nichukue lingine."

"Lingine kama hili?"

Msichana akanuna. Mama yake, ambaye ni dada wa fundi, akatoa gauni la bluu kwenye mfuko. "Kaka, hili ulinishonea kabla huyu hajazaliwa."

"Mama, wewe ulikuwa mwembamba kama uzi."

"Nilikuwa. Usinikumbushe."

Akiba akashika wembe, akafumua ubavuni huku na huku, akatoa kitambaa kilicholala ndani, akashona upya. Msichana akalivaa. Likamkaa sawasawa. Halafu wote watatu wakakikodolea macho kioo.

Gauni lilikuwa limepauka kwa jua na kufuliwa, lakini kile kitambaa cha ndani hakikuwahi kuliona jua. Mistari ya bluu nzito ilishuka toka kwapani hadi chini. Fundi akajikuna kichwa. Miaka yote hiyo ya kuacha kitambaa, hili hakuwahi kuliwaza.

"Mjomba, nimekuwa punda milia."

"Vua kwanza."

Akafumua pindo la chini, kisha mapindo ya mikono. Kila alipofungua, bluu nzito ikachungulia. Akashona, akalipiga pasi, msichana akalivaa tena. Safari hii mistari ya ubavuni ilikuwa na mingine kama hiyo chini na mikononi, kama vile ilipangwa tangu mwanzo.

Msichana akageuka kushoto, akageuka kulia, akanyanyua mikono. Akajibwaga kwenye kiti kwa nguvu, akasikilizia. Kimya. Akajibwaga tena.

"Kiti changu hicho," alisema fundi.

"Wakiniuliza duka gani?"

"Kabatini kwa mama yako. Na kiunoni nimebakiza kidogo, kwa ajili ya baadaye."

"Baadaye ipi, mjomba?"

Mama mtu akacheka mpaka akashika meza. Akiba alishajitundika futi ya kupimia shingoni. "Mfunge mlango mkitoka. Yule mteja niliyemchelewesha mapazia yake ameapa leo atanimeza mzimamzima."