Mganga Anayedaiwa Makopo

Saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu, Ambrosi Masolwa anaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Bibi Mwanamkuu. Mkononi ana gunia. Mganga wa zahanati hajaja kumtazama mgonjwa. Amekuja kuomba kopo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipima au kuninyang'anya?"

"Lile kopo, bibi. Nina safari ya Tabora."

"Lipi, hili lenye utambi? Si wewe uliyenipa? Ulisema, 'Chukua, bibi, uone herufi.' Leo najua kuandika jina langu, unataka kunirudisha gizani!"

Ambrosi anafuta jasho. Ni kweli tupu.

Ana miaka arobaini na sita, na mwaka huu wa 1975 ni wake wa tatu katika kijiji cha ujamaa cha Mkombozi, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka stesheni ya Usinge. Kaya mia mbili na kumi zinamtegemea yeye na kabati lake moja. Asubuhi hii kabatini mna vidonge sitini vya klorokwini, na mawingu ya kwanza ya mvua yameshaanza kujikusanya upande wa msitu.

Novemba ya mwaka jana mvua ziliponyesha, aliandika daftarini wagonjwa wa homa mia moja na themanini. Watoto wanne walizikwa. Mjukuu mmoja wa Bibi Mwanamkuu alikuwa miongoni mwao.

"Watu wanadhani dawa haikuwepo," anasema Ambrosi. "Ilikuwepo! Ilikuwa Tabora, imekaa rafuni, inanisubiri nilete makopo."

Kitendawili: nikiwa mtupu nadaiwa, nikijaa siji. Mkombozi hakuna atakayekudai mji kwa hicho. Hata watoto wanakijibu.

Tangu mwaka jana, bohari ya Tabora anakochukulia dawa hutoa kopo lililojaa kwa anayerudisha kopo tupu na mfuniko wake. Wanasema ni kuzuia wizi. Lakini kijijini kopo la bati lenye mfuniko ni mali. Huwekwa chumvi, mbegu za tumbaku, ugoro wa wazee. Na kisomo cha watu wazima kilipoanza, makopo yaligeuka koroboi. Mfuniko ukatobolewa, utambi ukapitishwa, kina mama wakasoma a, e, i, o, u. Ambrosi mwenyewe ndiye aliyeyagawa, kabla kanuni haijazaliwa.

Bibi Mwanamkuu anazima utambi kwa vidole, anamwaga mafuta ya taa kwenye chupa, anatumbukiza kopo guniani.

"Nenda. Lakini ukirudi mikono mitupu, jina la pili nitakaloandika ni lako. Nitaliandika kwa mkaa, ukutani pa zahanati."

Jumatano Ambrosi yuko mbele ya kaunta ya bohari, na makopo kumi na moja. Nauli ya garimoshi, shilingi kumi na mbili, katoa mfukoni mwake. Karani, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili kifuani, anapokea matatu. Manane anayasukuma kando.

"Haya yametobolewa."

"Umetobolewa mfuniko, ndugu. Homa haikutobolewa."

"Mimi sina ugomvi nawe, bwana mganga. Fomu ina sehemu ya kopo zima na sehemu ya kopo lililopotea. Kopo lenye tundu nitaliandika wapi?"

Ambrosi anatoka nje akisema peke yake. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu begani toka Unyanyembe hapa mpaka Bagamoyo. Miezi mitatu, simba njiani, na mzigo ulifika! Sisi tuna reli, tuna mihuri, na dawa haivuki kaunta upana wa mkono mmoja."

Anakwenda mtaa wa Isevya, kwa fundi bati Shomari Mfaume, azibe matundu manane.

"Miaka ishirini mkono huu unatoboa," Shomari anacheka. "Leo unaniambia niuzibishe? Keti, mzee, upumzike, jua limekupata."

Ambrosi haketi. Ameona kitu chini ya meza ya fundi. Ni rundo la makopo ya klorokwini, yanang'aa, mifuniko mizima. Anainama, anageuza moja. Kitakoni limekwaruzwa kwa msumari: Z.M. Ni alama ya Zahanati ya Mkombozi. Aliikwaruza yeye, safari iliyopita.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Nyuma ya bohari. Wanayatupa uani mpaka hapapitiki. Kila Jumamosi wananiita nikawaondolee, na asante wananipa. Mimi natengeneza koroboi."

Hapo Ambrosi aliketi, chini vumbini.

"Nilitaka kucheka nikashindwa," anasimulia. "Nilitaka kulia nikaona haya mbele ya fundi."

Shomari alimpa makopo manane kwa ahadi ya chupa mbili za asali ya Usinge. Kesho yake karani aliyahesabu, akagonga muhuri, akatoa dawa.

"Umeona, bwana mganga? Ukifuata utaratibu hakuna tabu."

Makopo yakabebwa. Yakapelekwa uani.

Jumamosi Ambrosi anarudi Mkombozi na makopo kumi na moja yaliyojaa, na koroboi nane juu yake. Anamkabidhi Bibi Mwanamkuu ya kwake na kumweleza yote. Bibi hacheki. Anauliza mara mbili: "Uani? Wanayatupa?"

Ambrosi anataka jambo dogo. Dawa itolewe kwa hesabu ya wagonjwa walio kwenye daftari, isafirishwe kwa garimoshi, ishuke Usinge, naye ataifuata kwa baiskeli. Amekwisha kuandika barua mbili kwa lugha ya ofisi. Hazijajibiwa.

Safari ijayo atabeba ya tatu, na hii hakuiandika yeye. Bibi Mwanamkuu ameiandika mwenyewe kwa siku nne, kwa penseli, herufi kubwa kama mbegu za maboga. Anaisoma kwa kidole, kibarazani pa zahanati, wagonjwa wakimsikiliza:

"Ndugu Karani. Salamu. Sisi tunaumwa homa. Hatuumwi makopo. Mimi, Mwanamkuu."