Ramadhani Niliyosalisha Sebuleni

Kwa miaka kumi na mmoja, kila usiku wa Ramadhani, nilisali tarawehe katika safu ya nne, upande wa kushoto, nyuma ya nguzo. Mahali pale nilipachagua kwa makusudi. Imamu wetu, kijana mwenye asili ya Lebanoni aliyezaliwa hapahapa Sydney, alikuwa na Kurani nzima kifuani, na sauti yake ilinitosha. Mimi niliyehitimu chuo kikuu, niliyeweza kuandika ripoti ya kurasa arubaini kuhusu safari za malori, nilisoma Kurani kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi: hatua mbili mbele, moja nyuma, kisha mbio. Nyuma ya nguzo hakuna aliyejua. Hata mke wangu hakujua vizuri, kwa kuwa nyumbani nilisoma kimoyomoyo na kuzigeuza kurasa kwa mwendo wa kuridhisha.

Nguzo ile ilikuwa ya chuma, maana jengo lilikuwa karakana ya madirisha kabla ya watu kuchanga na kulinunua. Walichanga Walebanoni, Waafghani, Wasomali, Wabangladeshi, na sisi Waswahili wachache tuliotokea Mombasa, Tanga na Unguja. Nilipokuwa mtoto Mombasa, msikiti ulikuwapo tu, kama barabara; sikuwahi kujiuliza nani aliujenga. Hapa nimewaona wajenzi kwa macho. Nimemwona daktari wa meno akipaka rangi ukuta wa choo, na dereva wa teksi akibishana na fundi umeme kuhusu feni. Msikiti wa ugenini mtu huupenda kama anavyopenda kitu alichokishona mwenyewe, huku akijua kila mahali sindano ilipopotoka.

Aliyeupenda kuliko sote nyumbani kwetu alikuwa mama mkwe wangu. Alikuja kuishi nasi Merrylands, mtaa wetu wa Sydney, baada ya kufiwa na mumewe. Kwao, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba yao ilipakana na msikiti usiokuwa na sehemu ya wanawake, na kila Ramadhani, tangu alipoolewa, aliketi kwenye dirisha la ghorofani akiifuata Kurani ikisomwa tangu Alif Lam Mim hadi sura ya mwisho. Hakuwahi kukosa kukhitimisha, hata mwaka aliomzaa mke wangu. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya watoto wa mtaa ule walijifunza herufi miguuni pake. Lakini kuingia msikitini na kusimama safuni katika tarawehe, hilo alilipata Sydney, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Usiku ule wa kwanza alirudi nyumbani, akavua ushungi, akasema, "Leo nimesikia bila ukuta."

Miaka mitatu baadaye ikaja korona. Lango la msikiti likafungwa kwa mnyororo wiki chache kabla ya mfungo. Siku ya tatu, tukiwa mezani, mama mkwe akamgeukia binti yake.

"Muulize mumeo kama atatusalisha tarawehe."

Mke wangu akanigeukia mimi. "Mama anauliza kama utatusalisha tarawehe."

Kwetu mkwe haambiwi jambo zito uso kwa uso. Ni heshima, nayo hufuatwa hata kama mkwe mwenyewe ameketi umbali wa sahani mbili.

"Mwambie nitawasalisha," nikasema. "Kwa sura fupifupi."

"Mwambie sitaki sura fupifupi," akasema mama mkwe, akiendelea kumenya chungwa lake. "Nataka Kurani nzima. Ramadhani haijanipita bila kukhitimisha kule, haitaanza kunipita huku."

Kutohifadhi hakungekuwa kisingizio, kwa sababu katika tarawehe imamu anaweza kusoma akiwa ameshika msahafu. Hesabu nayo ilikuwa nyepesi: juzuu moja kila usiku, na mwezi ukiisha, juzuu zote thelathini za Kurani zimeisha. Nikakubali. Ukweli wenyewe, kwamba sijui kusoma mbele ya watu, niliumeza pamoja na wali.

Majira ya baridi yalikuwa yakikaribia, jua likizama mapema, na kabla ya saa moja jioni tulikuwa tumeshasukuma makochi ukutani na kutandika shuka sebuleni. Nyuma yangu walisimama mama mkwe, mke wangu na binti zetu wawili. Niliowasalisha wote walikuwa wanawake, na hapo ndipo shida ilipolala. Imamu akikosea, mwanamume humzindua kwa kutamka. Mwanamke, kwa mafundisho aliyoyashika mama mkwe, hapazi sauti katika sala. Hupiga kofi, kiganja cha mkono wa kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Kofi hukwambia umekosea. Halikwambii umekosea nini.

Usiku wa kwanza nilikuwa ndani ya sura ya Ng'ombe, nimeanza kujisikia imamu wa kweli, nilipogeuza ukurasa na kusikia nyuma yangu: pa! Nikairudia aya, nikaivuta irabu. Pa! Nikaisoma tena, nikaikaza herufi ya koo mpaka koo likauma. Pa! Nikarudia mara ya nne, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Pa! Nikamsikia mke wangu akihema kwa kujizuia kucheka, kisha binti yetu mdogo akaangua kicheko kilichombatilishia sala. Nikarukuu kwa kukata tamaa.

Tulipotoa salamu, mama mkwe alitazama mbele, si kwangu.

"Mwambie mumeo watu wanaulizia sifa za ng'ombe ambaye bado hawajaambiwa wamchinje."

Kurasa zilikuwa zimegandana. Nilikuwa nimeruka mbili.

"Mama anasema—" mke wangu akaanza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie nimesikia."

Usiku uliofuata makofi yalikuwa mengi zaidi, na wa tatu sikuyahesabu. Kila kofi lilinirudisha nyuma, na kila kurudi nyuma kulikula muda. Mama mkwe hakukubali rakaa nane. Alilelewa kwa ishirini, na miguu yake iliyovimba ilisimama zote ishirini. Wiki ya kwanza tulimaliza juzuu tano badala ya saba. Usiku wa kumi na moja ulipopita, tulikuwa hatujafika hata ya nane. Mwezi haungetungoja. Nilijua, na yeye alijua, kwamba kwa mwendo ule Idi itatukuta katikati ya Kurani, na kwamba atakayekuwa amemkatishia desturi ya umri wake wote ni mimi.

Jumapili asubuhi nilimfuata uani, alikokuwa akianika nguo. Sikumpitia mke wangu.

"Mama," nikasema, "wewe ndiye msomaji. Wasalishe hawa wanawake wenzako, inaruhusiwa. Mimi nitasali peke yangu chumbani. Hivyo utakhitimisha kwa wakati."

Akabana shati langu kwenye kamba, kwanza bega moja, kisha la pili.

"Kumbe unajua kusema nami."

"Nisamehe, mama."

"Na wewe atakukhitimishia nani?"

"Mimi si kitu."

"Nimesomesha watoto wa watu mpaka nimeota mvi," akasema. "Niliye naye ndani ya nyumba ambaye hajui kusoma ni mmoja tu, na ndiye anayenilisha. Sitaki kukhitimisha wewe ukiwa chumbani umejifungia. Nataka nikhitimishe nyuma yako."

Nilikuwa na miaka arubaini na tisa, na nilisimama mbele ya kapu la nguo kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Basi niambie ninakosea wapi."

"Herufi zako si mbaya. Lakini unayakata maneno katikati, nami nabaki ninaning'inia. Hujui pa kusimama." Akaokota kapu tupu. "Lifanyie kazi hilo. Mengine yatakuja."

Ushauri ule niliubeba hadi kazini, Wetherill Park, kwenye ghala ninakopanga safari za malori. Siku zile tulikuwa tukisafirisha karatasi za chooni kana kwamba ni dhahabu, na kila mtu alilazimika kusimama mbali na mwenzake. Wakati wa chakula cha mchana, kwa kuwa nilikuwa nimefunga, nilijifungia garini na kusoma kwa sauti kutoka kwenye simu. Siku ya tatu mtu aligonga dirisha. Alikuwa Mkongo mmoja kutoka Uvira, mwendesha foklifti, ambaye kanisani kwao huongoza kwaya. Alirudi nyuma hatua tatu, kama sheria ilivyotaka.

"Muzee, kila siku unajifungia mu gari. Unagombana na bibi mu simu?"

"Nasoma Kurani. Msikiti umefungwa, inabidi niwasalishe watu wa nyumbani."

"Ah! Ata sisi kanisa imefungwa. Mimi nahubiria watoto pale nyumbani, wote wanalala." Akacheka peke yake, kisha uso wake ukawa wa mtu aliye kazini. "Ile unasoma siielewi, lakini masikio niko nayo. Pumuzi yako inakufa njiani. Unangoja iishe ndiyo unavuta."

"Nifanyeje?"

"Vuta mbele ya kuisha. Sisi mu kwaya mahali ya kuvuta tunaandikaka alama ku karatasi. Kitabu yenu haina alama?"

Nikataka kumwambia haina. Badala yake nikakuza maandishi kwenye kioo cha simu, na pale juu ya mistari zikatokea: jimu ndogo, mimu ndogo, nukta tatutatu, herufi ndogo zilizotawanyika kote. Hapa simama. Hapa usisimame. Hapa hiari yako. Nilifundishwa alama zile nikiwa na miaka minane, nikapigwa kwa ajili yake, nikazisahau. Kwa zaidi ya miaka thelathini jicho langu lilizipita kama vumbi la karatasi. Watu waliokufa kale walikuwa wamekaa na kufikiria pumzi yangu, wakaniwekea mahali pa kuivuta, nami nilidhani Kurani ni ngumu.

Kuanzia siku ile alikuja kila mchana. Alikula mkate wake akiwa amenipa mgongo, kwa kuniheshimu mimi na saumu yangu, na mkono mmoja akiuinua hewani kila aliposikia pumzi yangu inaelekea kuisha. Hakujua neno hata moja la nilichokisoma. Alijua tu mtu anavyosikika anapokaribia kuzama.

Sebuleni mambo yalibadilika bila tangazo. Usiku wa kwanza wa kusoma kwa alama, makofi yalikuwa matatu. Usiku uliofuata, moja. Nilisimama panaposimamwa, na maana ikatulia ndani ya nyumba. Nilianza kusikia kisa kikiisha na kingine kikianza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia hata nyuma ya imamu. Wale ambao walikuwa wakibadilisha miguu kwa uchovu wakasimama wima. Mwendo wangu uliongezeka kwa kuwa sikuwa nikikimbia tena. Tukasoma juzuu moja na robo, kisha moja na nusu, na katika kumi la mwisho la mwezi kuna jioni tuliyosoma mbili. Binti yetu mkubwa, ambaye Kiswahili hukijibu kwa Kiingereza, alibandika karatasi kwenye friji na kukata juzuu moja moja kwa kalamu nyekundu kama mfungwa anayehesabu siku.

Usiku wa ishirini na tisa zilibaki juzuu mbili. Kesho yake mwezi ungeweza kuandama, na ukiandama hakuna tarawehe tena. Nikasoma. Katika rakaa za mwisho niliingia kwenye sura fupi, zile nilizozijua tangu utotoni na ambazo nilitaka kujificha ndani yake mwezi mzima, nikazisoma bila haraka, nikasimama kila penye alama. Nilipofika kwenye neno la mwisho la Kurani nilikuwa bado nina pumzi.

Tukatoa salamu, nikainua mikono kuomba dua. Nilipotaja marehemu baba mkwe, nyuma yangu ikatoka "Amin" ya sauti kubwa, sauti ya mwalimu wa chuo inayotoka barazani mpaka barabarani. Nililia. Sioni haya kuliandika. Nimepata shahada, nimepata uraia, nimepata nyumba yenye ua, na hakuna hata kimoja nilichokipata huku watu wanne wakiwa wamesimama nyuma yangu wakinisubiri nifike.

Mama mkwe hakungoja tukunje shuka. Mombasa ilikuwa bado mchana. Akampigia dada yake, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu katikati ya sebule.

"Tumekhitimisha!"

"Mmefunguliwa misikiti huko?"

"Misikiti imefungwa. Hapahapa nyumbani."

"Nani alowasalisha? Au mmesali nyuma ya simu?"

"Mkwe wangu."

"Mkwe yupi? Huyu wa malori?"

"Huyuhuyu wa malori. Kurani nzima, rakaa ishirini, hajaruka herufi." Zile kurasa mbili alikuwa ameshazisamehe. "Na nyinyi je? Mumeo amewafikisha wapi?"

"Ah, dada. Shemejiyo anajua sura fupifupi tu. Kila siku Kulhuwallahu."

Mama mkwe akaketi sawasawa kwenye kochi, akakunjua magoti yake yaliyovimba, na uso wake ukachanua kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu afike nchi hii.

"Basi muite aje kwenye simu," akasema. "Niko na mtu hapa atakayemsomesha."

Akaninyooshea simu mwenyewe mbele ya watoto, bila kumpitia mke wangu, mkono wake ukiwa umenyooka kabisa, nami nikaipokea.