Mama Uzi na Swali la Blanketi

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, jua saa nne.

Mama Uzi alikuwa fundi cherehani kabla ya kuajiriwa katika chumba cha maiti, miaka kumi na tisa iliyopita. Daktari akimaliza uchunguzi, yeye ndiye hushona mwili. Kwa watoto hutumia uzi mwembamba kuliko wote, na mshono wa kichwa huuficha nyuma ya masikio, mama asiuone akimbusu mwanawe.

Siku hiyo waliitwa wazazi wa mvulana wa miaka miwili ambaye Mama Uzi alimshona miezi mitano nyuma. Mtoto mzima wa afya, alilala mchana kwa bibi yake, mzaa mama, asiamke tena. Ndugu walisema aachwe apumzike. Mama yake akashikilia mwili uchunguzwe. Sasa alikuja na kichanga wa wiki sita mgongoni. Bibi alikaa kiti cha mwisho, mikono kaifumbata mapajani. Mjukuu huyu mpya, bibi hakuwa amewahi kumgusa.

Daktari alisoma karatasi tatu za majibu, zenye majina marefu ya kitabibu. Bibi akauliza jambo moja tu.

“Na blanketi je? Nilimfunika zito.”

Daktari akaanza kusoma upya. Mama Uzi, aliyesimama mlangoni, uvumilivu ukamwishia.

“Dada yangu, nilikuwa fundi. Unaijua kola iliyotiwa vitambaa vitatu badala ya kimoja? Haikunjiki. Nyama ya moyo wa mjukuu wako ilikuwa nene hivyo. Ni ugonjwa wa kurithi. Hata ungemfunika kwa kanga, ingekuwa vilevile.”

“Mbona hilo halikuandikwa?” bibi akauliza.

“Daktari, andika.”

“Blanketi haliandikwi kwenye ripoti, Mama Uzi.”

“Leo linaandikwa.”

Daktari akacheka, akachukua kalamu: *Blanketi halikuhusika.* Akagonga muhuri.

Kisha akaeleza yaliyobaki. Kwa sababu ya majibu ya awali, familia nzima ilikuwa imeshapimwa. Baba ndiye aliyekutwa na ugonjwa, mapema, kabla haujamwangusha. Atameza vidonge na kuacha mpira. Kichanga hakurithi.

“Kuacha mpira!” baba akalalamika.

“Mpira gani, mkwe wangu?” Bibi akasema. “Mwaka mzima unafunga goli la kwenu!”

Kicheko kikapasuka, hata mhudumu wa korido akachungulia kuona nani anacheka chumba kile. Bibi akacheka mpaka machozi, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono hadi viwiko, akaikung'uta.

“Haya, mnipe mwanangu. Mmemficha vya kutosha.”

Alimpakata kichanga mpaka lango la nje, na mama yake alipoomba amnyonyeshe, akaambiwa angoje zamu yake.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Uzi alifunua cherehani yake ya zamani, akaipaka mafuta, akamshonea kichanga yule blanketi dogo jepesi. Pindo alilipiga kwa uzi mwekundu, mnene, wa kuonekana na kila mtu.