Mawese kwenye mashine ya Hajati

Mashine ya kukaushia nguo ilianza kulia wiki ile mvua ilipogoma kukatika. Mwanzoni ililia kidogo, gru, gru, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Baadaye ikawa inatikisa vikombe kabatini. Nyumba hiyo iko Nyamitanga, pembeni mwa mji wa Mbarara, na mimi ndiye ninayefua hapo na kutunza uwanja. Mwenye nyumba ni mama mzee Mwislamu aliyewahi kwenda Makka, kwa hiyo sote tunamwita Hajati. Miguu yake haimbebi tena. Binti yake ndiye anayemlisha na kumgeuza kitandani, na mashuka hubadilishwa kila yanapolowa.

Mtu ambaye hajauguza hawezi kujua shuka kavu ni kitu gani. Unyevu kidogo tu unaukata mgongo wa mgonjwa. Ndiyo maana mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Kampala, alinunua ile mashine, ya mitumba lakini nzuri. Sasa dada mtu alikuwa anaiogopa. Akiiwasha, Hajati anashika kichwa na kuomba izimwe. Akiizima, mashuka yananing'inia barazani bila kukauka. Tukaanza kuona doa jekundu mgongoni mwa mama.

Kaka aliisikia ile kelele kwenye simu. Akasema, "Hiyo itawachomea nyumba. Alhamisi ya wiki ijayo nakuja kumchukua mama."

Hajati akaomba simu iwekwe sikioni mwake. "Sikia, mwanangu. Nyumba hii aliijenga baba yako. Nitatoka humu nikibebwa na majirani kwenda makaburini. Kwenye gari lako, hapana."

Niseme kwa haki: yule kijana hakuwa mbaya. Kwake kuna muuguzi karibu, na kuna nguo kavu. Ningekuwa yeye, labda ningesema vile vile. Lakini nilimwona mama yake akigeuzia uso ukutani baada ya simu kukatika, na tangu hapo nilikuwa na haja moja tu, mashine inyamaze kabla ya Alhamisi.

Mimi si fundi. Shule niliiachia Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa bado mdogo. Nilipofika huku Uganda nilisimamia mashine ya unga pale Rwekubo, basi, ufundi wangu wote ni huo. Nikachomoa plagi, nikafungua mgongo wa mashine kwa bisibisi. Nikaona pipa la bati linalozungusha nguo limekalia magurudumu mawili madogo ya mpira, na mkanda mrefu umelizunguka kutoka kwenye mota. Nikajiambia: kinacholia kinataka mafuta. Kwetu mlango ukilia tunatia mawese. Cheni ya baiskeli, mawese. Cherehani ya mama yangu ilikunywa mawese mpaka ikabadilika rangi. Na mke wangu hunifungia kichupa cha mawese kila ninapokwenda kazini, kwa ajili ya mboga yangu. Nikayadondoshea yale magurudumu.

Ikanyamaza! Dada akapiga makofi. Hajati akaita kutoka chumbani, "Mukongomani, Mungu akuzidishie!" Nami nikatembea uwanjani kama injinia.

Alasiri harufu ya maharage ya kukaanga ikajaa nyumba nzima. Dada akafungua mlango wa mashine, akatoa mashuka meupe, na kila moja lilikuwa na mstari wa rangi ya chungwa. Mawese yalikuwa yamepata moto, yakapanda ukingo wa pipa mpaka ndani.

"Leteni nione," Hajati akasema. Akalishika shuka, akalinusa. "Banange! Mukongomani, unataka kunikaanga?"

Akacheka mpaka dada akamshika mabega. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Lakini tulipoiwasha tena, kelele ilikuwa imerudi, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu vumbi lote la nguo lilikuwa limegandia kwenye mafuta yangu. Nikaichomoa. Sikulala vizuri.

Jumamosi nikarudi kwangu Nakivale, kambi ya wakimbizi, nikamweleza mke wangu.

"Uliweka mawese yangu mu mashini ya batu?"

"Ilikuwa inalia."

"Na mutoto wa jirani akilia, utamutia mawese?" Alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Halafu akaniangalia. "Ku mashini ya unga ulikuwa unaumaga kijiti kwanza. Sasa kule Mbarara meno ulibakisha fasi gani?"

Hapo nikaona haya, lakini haya nzuri. Kwenye mashine ya unga, ikilia, hatuanzi na mafuta. Unachukua kijiti kikavu, ncha moja unauma, ncha nyingine unagusisha kwenye chuma, fasi moja baada ya nyingine. Sauti inapita kwenye meno mpaka ndani ya kichwa, na hapo unajua kabisa ugonjwa umekaa wapi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Kwa Hajati nilisahau, labda kwa sababu mashine ilikuwa nyeupe na safi, nikadhani ni kitu cha aina nyingine.

Jumatatu nikaomba mwiko jikoni, ule mrefu wa ugali. Dada akakaa kwenye swichi. Mlango wa chumba cha Hajati ulikuwa wazi, ananiona nimepiga magoti nyuma ya mashine, mwiko mdomoni.

"Sasa umeamua kuila?"

"Ninaisikiliza, Hajati."

"Bambi, hata daktari hajanisikiliza mimi hivyo."

Nikagusisha mwiko kwenye mota: mlio mmoja laini. Kwenye chuma kinachoshika gurudumu la kulia: kimya. La kushoto: gru, gru, gru, mpaka meno yakauma. Tukazima, nikachomoa plagi, nikalegeza mkanda na kuinua pipa kidogo, nikazungusha magurudumu kwa kidole. La kulia liliendelea kuzunguka lenyewe. La kushoto liliyumba na kusimama, na mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja. Mafuta yasingelitibu hata ningemwaga kibuyu kizima.

Kesho yake nikaenda mjini kwa fundi mmoja Mnyankore anayefungua mashine zilizokufa na kuuza viungo vyake. Nilimwonyesha lile gurudumu. Akalinusa, akaniangalia.

"Ssebo, hii ni mafuta ya chakula?"

"Ndiyo."

"Kale, sawa. Hapana rudia. Mpira na mafuta hapana patana." Akachimba kwenye rundo lake, akapata magurudumu mawili yanayofanana. Akasema nibadilishe yote mawili, maana la zamani likibaki litachoshwa na jipya. Akanionyesha namna ya kusafisha vyuma kwa spiriti na namna ya kurudisha kipini kinachozuia gurudumu lisitoke. Angeweza kusema lazima aje mwenyewe, alipwe. Hakusema. Sijui kama mimi ningefanya vile.

Kazi ilinishinda kwenye mkanda. Dada aliinua pipa nami nikavuta, mara nyingi, na kila mara mkanda uliteleza. Alhamisi mchana kaka akaingia na kutukuta sakafuni, mashine iko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Gari lake lilikuwa nje, viti vya nyuma vimelazwa, godoro limetandikwa juu yake kwa ajili ya mama.

Niliogopa. Alitazama ile mashine, akatazama mikono yangu. Halafu akavua koti.

"Huo mkanda umeugeuza, mzee," akasema. "Upande wenye mistari uingie ndani, ushike mota."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeuweka nje ndani muda wote huo. Akalikumbatia pipa akiwa na shati lake la kazini, nikavisha mkanda, ukakaa. Nikafunga skrubu, nikarudisha plagi. Dada akaweka mashuka na kubonyeza.

Tukasimama watatu tukisikiliza. Pipa lilikuwa linazunguka, na kilichosikika ni kama upepo kwenye mabati ya jirani.

Hajati akaita kutoka chumbani, "Mbona hamuiwashi? Mnaogopa nini?"

Kaka akaenda mpaka mlangoni. "Imeshawaka, Mama."

Hajati akatega sikio.

"Basi kashushe godoro lako."

Akatoka nje kwenye manyunyu, akarudi na godoro kichwani, akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha mama yake. Mashuka yalipotoka yakiwa makavu na moto, dada alitaka kutandika jeupe. Hajati akakataa, akaomba lile lenye mstari. Walipomaliza kumgeuza, kaka alijilaza pale chini apumzike kidogo, na safari ilikuwa imemchosha kweli, akasinzia na viatu.

Siwezi kuapa kwamba magurudumu yale yatadumu. Nguo zikizidi, bado nasikia kitu kidogo upande wa kushoto, na sijui kama ni mashine au ni woga wangu. Mwiko nimeuosha na kuurudisha jikoni, una alama za meno yangu. Mke wangu nilimpelekea salamu za Hajati. Akajibu kwamba kichupa kingine kiko tayari, cha mboga.