Wembe wa Kundi la Ngoma

Wanaume wa kundi lile la ngoma walikuwa wapumbavu, nasema wazi, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Kila mwaka pamba ikishauzwa hapa Bariadi, walikusanyika nyuma ya nyumba ya manju, yule kiongozi wao wa nyimbo, kujiandaa kwa mashindano. Kujiandaa kwenyewe sasa! Gongo kwanza, halafu bangi, halafu wanachanjana kifuani na kusugua dawa ya kuwashinda wapinzani. Wembe mmoja, watu wanane.

Usafi walikuwa nao, usiwasingizie. Chupa ya gongo ikimfikia mtu, anaifuta mdomo kwa kiganja, kiganja hichohicho alichofutia makamasi, ndipo anakunywa. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wao. Msokoto wa bangi ulizunguka umelowa mate ya wote, wanakohoa kwa zamu na kuchekana. Macho yakishakuwa mekundu, hakuna aliyejua damu iliyo kwenye wembe ni ya nani, wala aliyetaka kujua.

Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano kwenye sufuria, na nilijua tunachemsha kwa sababu gani. Manju naye nilimjua. Alishakonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba, mapele mwili mzima, mke wake mdogo tulishamzika. Watu wakasema karogwa na kundi pinzani. Haya, karogwa!

Enzi za uhaba ningewasamehe kidogo, maana wembe mmoja ulinyoa ukoo mzima. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamefurika, nyembe zinauzwa hata kwa wauza chumvi. Nikanunua mmoja ukiwa kwenye karatasi yake, nikampelekea mdogo wangu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Manju ana ukimwi. Wembe wao usikuguse. Tumia huu."

Akacheka. "Dada, ngosha haogopi wembe."

"Mwanaume mjinga kama wewe aogope. Niahidi."

Akaupokea kwa mikono miwili, akanishukuru. "Wabeja, dada. Nimeahidi."

Nikarudi zangu zahanati nimetulia. Wale saba wengine shauri yao. Sikuwazaa mimi, na kusema kweli nilijisemea asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wacha wavunjike.

Siku mbili baadaye akaja nyumbani, ngoma wameshinda, ananuka bangi, sauti imekauka. Chale mbichi zilikuwa zimejipanga kifuani.

"Ulitumia wembe niliokupa?"

"Huohuo, dada. Wenyewe wameusifu. Mkali, hauumi kabisa."

"Wenyewe nani?"

"Kundi. Walikuwa na ule wenye kutu, nikawaambia leo utupeni, dada yangu kaleta mpya. Manju akachanjwa wa kwanza kwa heshima yake, wakafuata wengine."

Nikakaa chini. "Na wewe?"

"Mimi wa mwisho. Wembe si ni wangu? Mwenye mali atawatanguliaje wageni?"

Alikuwa anatabasamu, anangoja nimsifu kwa adabu yake. Nilimtukana matusi ambayo mama yetu angeyasikia angenichapa mbele ya wajukuu. Nikamwita ng'ombe, nikamwita gogo. Akaniangalia kwa yale macho yake mekundu, ameumia kweli.

"Sasa nimekosea wapi? Ulisema wembe wao usiniguse. Haukunigusa."

 Niliwadharau watu wale kiasi kwamba sikuona haja ya kumwambia mtu mzima kuwa wembe ni wake peke yake. Tulimzika akiwa na miaka ishirini na sita.