Zamu ya Maji ya Nyumba ya Hedwiga

Tarehe 14 Machi 2022 Asteria Mchome alifunga duka lake la vitenge karibu na stendi ya Same, na hakulifungua tena. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Daktari alimwambia ana sonona, akampa dawa. Ndugu wakampandisha milimani, kijiji cha Vudee, kwa mama yake, Hedwiga.

Huko alilala. Alimeza dawa, akala alicholetewa, akageukia ukutani. Migomba ya mama yake hunyweshwa kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Zamu ya nyumba yao ilipofika hakuinuka, na maji yakateremka kwa majirani. Kisha ukatangazwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzoa tope ndivani. Desturi haina huruma: nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu hadi msimu mwingine, na migomba ilikwisha kuanza kunyauka.

Hedwiga alisimama mlangoni, ameegemea mkongojo.

"Mimi yamekataa magoti. Wewe kimekataa nini?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda ukakae pale. Waone kwamba nyumba hii ina mtu."

Asteria akaenda, akaketi ukingoni, kanga begani. Loth, msimamizi wa maji, alimtazama kitambo, akasema kwa upole kwamba kukaa hakuhesabiwi. Koleta, jirani aliyekua naye, akadakia kutoka topeni: "Mwacheni mhandisi, baba. Anakagua mradi. Posho yake inatoka Dodoma."

Watu wakacheka. Asteria naye akacheka; sauti ilimtoka kavu, kama ya mtu mwingine. Akavua viatu, akashuka. Tope lilikuwa la baridi, likamfika magotini, linanuka mvua na majani yaliyooza. Akapokea karai, akalipitisha kwa Koleta, akapokea jingine, mpaka ukungu ukaondoka msituni na mgongo ukamuuma. Usiku alilala kwa uchovu, si kwa huzuni.

Hakupona siku ile. Asubuhi za kubaki kitandani bado zipo, na dawa hajaziacha. Lakini alianza kwenda ndivani bila kutumwa, kung'oa magugu kwenye kingo na kutazama maji yakijaa.

Loth ameiachia nyumba ile zamu yake. Alhamisi hii alfajiri Asteria ndiye wa kufungua maji, na Hedwiga amesema hatamwamsha.